Nilipima Kopo, Sikupima Njia

Vijana wa ofisini waliponiaga walinipa saa ya ukutani. Mke wangu alisema ni kejeli kumpa saa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Siku hiyohiyo binti mmoja, mkaguzi aliyeletwa Same miezi michache kabla, aliniuliza kama niliwahi kumpeleka mtu mahakamani kisha nikajuta. Nilimjibu kwa mkato kwa sababu watu walikuwa wanasubiri soda. Haya ndiyo majibu kamili. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Yameandikwa kwenye faili, na faili linajulikana lilipo.

Nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Nimezaliwa Ugweno, upande wa kaskazini wa milima ya Upare, na nilipopangiwa Same sikujua Chasu, lugha ya huko, hata cha kusalimia. Wenye maduka waligundua hilo mapema, wakawa wanapeana habari mbele yangu kama vile sipo. Baada ya mwaka nilikuwa nasikia kila kitu, lakini sikuwaambia.

Siku ya kwanza mkuu wangu, Mzee Mrutu, hakunipa kiti. Alinipa sanduku. Ndani yake mawe ya shaba yalikuwa yamelala kila moja kwenye tundu lake, kuanzia jiwe la kilo kumi hadi la gramu moja, na pembeni kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa vizuri.

"Usiyashike kwa mkono mtupu," alisema. "Jasho lako lina uzito. Leo huuoni. Baada ya miaka kumi jiwe litakuwa linadanganya, na jina kwenye daftari litakuwa lako."

Wiki nzima alinizungusha soko la Same nimebeba sanduku lile, kilo ishirini na tano za shaba na mbao juu yake, bila kupima chochote. Nilipouliza sababu alisema anataka watu wanizoee, na mimi niuzoee uzito. Bega langu la kulia halijasawazika na la kushoto tangu wakati ule.

Mzee Mrutu alikuwa mtu mkavu, hasemi neno ambalo halina kazi. Alinifundisha vipimo vya sokoni: kibaba, pishi, kisado na debe. Alinionyesha jinsi debe linavyoweza kugongwa kitako likabonyea ndani, na jinsi jiwe la mizani linavyoweza kutobolewa chini na kuzibwa kwa nta. Halafu akanipeleka stesheni kunifundisha mizani kubwa ya kupimia mizigo.

"Mizani kubwa haikaguliwi kwa jiwe dogo," alisema. "Inaweza kusema kweli kwenye kilo ishirini ikasema uongo kwenye themanini. Na sisi mawe ya kilo themanini hatuna. Kwa hiyo tunatumia maji."

Tulichota maji kwenye madebe. Kila debe tulilipima kwa mizani yetu ndogo, tukiongeza na kupunguza kwa kikombe mpaka likatulia kwenye kilo ishirini kamili. Kisha tukayapanga yote juu ya mizani kubwa, moja baada ya jingine, tukitazama mshale. Ilituchukua asubuhi nzima na viatu vililowa. Nilijiambia kwamba kazi hii mtu akiifanya mara moja inamtosha maisha yake yote.

Mwaka huo wa kwanza mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza. Sukari ilikuwa ya mgao, na mgao wenyewe ulikuwa wa kusikia tu. Nilitumwa kukagua mizani ya ghala moja la pale mjini, ghala ambalo bidhaa za mgao ziligawiwa kwa maduka ya vijijini. Gari letu halikuwa na mafuta, nikaenda kwa miguu na sanduku langu. Niliweka mawe yote juu ya mizani ile kubwa. Mshale ukasimama kwenye ishirini na tano, sawasawa. Nilipaswa kuomba madebe na maji. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Same mnalijua, na mtunza ghala alikuwa ameniuliza habari za mzazi.

"Mzazi anahitaji uji," alisema, akanifungia kilo mbili kwenye karatasi.

Sikuziomba. Hakusema ni za nini. Nililipa bei ya serikali, senti kwa senti. Kisha nikachukua nyundo na chapa, nikapiga muhuri kwenye kipande cha risasi kinachofunga mizani ile, nikasaini daftari, nikaenda nyumbani kwa furaha. Mtoto alinenepa.

Zikaja zile shida ambazo wazazi wenu wamewasimulia hadi mmechoka. Sabuni ikawa inakatwa vipande vyembamba kama biskuti. Mkate ulibaki na bei yake ileile na jina lake lilelile, lakini ukiuinua unahisi umeinua kitambaa. Nilihesabu njiti za viberiti dukani na nyumbani, mpaka mke wangu akaanza kukificha kiberiti chetu. Karatasi ya bei ilikuwa inaletwa kutoka juu, imepigwa chapa, tunaibandika madukani. Bei kwenye karatasi haikupanda, ila kila kitu chini yake kilikuwa kinapungua.

Tuliambiwa chanzo ni walanguzi, nami niliamini. Nilisimama kwenye mikutano ya vijiji nikasema kwa sauti kubwa kwamba bidhaa zipo, zimefichwa, na kwamba mfumuko wa bei una miguu miwili na duka. Nilipigiwa makofi. Jambo hilo nalikumbuka vizuri kuliko ningependa.

Katika msimu huo nilipanda Mamba, kijiji cha milimani. Lori lilinifikisha chini ya mlima, nikamaliza kwa miguu, sanduku begani. Kulikuwa na duka moja tu lililokuwa bado linafunguliwa, la Mama Nanzia, mwanamke wa makamo ambaye mume wake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana mizani. Karibu. Maji ya kunywa yapo, soda hakuna."

Karatasi ya bei ilikuwa imebandikwa ukutani mahali pake, safi. Mizani yake ilikuwa sawa. Nikaomba kopo alilokuwa akipimia sukari na chumvi. Alinipa bila kusita, na mimi nilipotia mkono ndani nikahisi kitako kimekuja juu mapema. Niligonga. Ulikuwa ubao wa mviringo, umekatwa kwa ustadi, umekaa ndani ya kopo kama vile lilizaliwa nao. Nilipima. Kwenye kila makopo kumi alikuwa anabakiza moja.

Ilikuwa kesi yangu ya kwanza kuikamata peke yangu. Moyo ulinienda mbio, na sitadanganya kwamba ilikuwa huruma.

"Mama, hili ni kosa."

"Najua."

"Kwa nini umefanya hivi?"

Aliifuta kaunta kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. "Nikipandisha bei, mtanifunga. Nikipandisha kitako cha kopo, mtanifunga. Basi niambie nipandishe nini."

Nikaandika. Nililifunga kopo kwenye gazeti, nikampa nakala ya karatasi ya kosa, nikashuka. Nilidhani atatozwa faini ya kawaida ya kipimo pungufu. Lakini ulikuwa msimu wa msako wa walanguzi, na karatasi yangu ilipofika mezani Same ilichukuliwa na watu wa msako, na wao hawakuona kipimo pungufu. Waliona ulanguzi. Siku tatu baadaye walimshusha Mama Nanzia, akawekwa mahabusu akisubiri kesi, bila dhamana. Ofisini walinipa mkono. Mzee Mrutu hakunipa mkono. Aliliangalia kopo, akalirudisha mezani.

Wiki kama tatu baadaye nilirudi Mamba kukagua mizani ya kununulia kahawa. Duka lilikuwa na kufuli. Chumvi ilikuwa inapandishwa na watu wa miguu kutoka tambarare, inauzwa kwa kijiko, na kijiko hicho hakikuwa na kitako cha kukagua. Bei yake sikuiuliza kwa sababu ningelazimika kuiandika. Nyumba niliyofikia walinikaribisha ndizi na maharage yasiyo na chumvi. Mama mwenye nyumba hakuomba radhi. Alikaa mbele yangu akanitazama ninavyokula, hadi nikamaliza.

Nilimsimulia Mzee Mrutu nikitarajia aniliwaze. Alikuwa anafuta mawe ya shaba.

"Kopo ulilipima," alisema. "Njia je?"

"Njia ipi, mzee?"

"Sukari ile ilitoka wapi mpaka ikaingia kwenye kopo?"

Nilikuwa na siku chache za likizo. Siku ya mgao nilikwenda nikasimama nje ya ghala kama mtu anayesubiri ndugu. Mgao wa duka moja la kijiji cha jirani kule mlimani ulikuwa chini ya gunia zima, kwa hiyo walifungua magunia, wakapima, wakashona tena. Nilimwona karani akiandika kilo themanini. Nikamwomba dereva wa lori anichukue.

Ile safari ilinifundisha zaidi ya mikutano yangu yote. Dereva alinunua dizeli kwa madumu kutoka kwa madereva wa barabara kuu, kwa bei ambayo haikuwa kwenye karatasi yoyote, kwa kuwa kwenye pampu hakukuwa na kitu. Tairi moja ilikuwa imeshonwa kwa ngozi. Chini ya mlima barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na wapagazi wakagoma kubeba.

"Tutawalipa," dereva aliwaambia.

"Kwa kitu gani?" aliuliza mmoja.

"Kwa hela."

Yule mpagazi alicheka, akamwonyesha noti alizokuwa nazo tayari mfukoni. "Hizi ninazo. Niambie nitanunua nini." Walilipwa sukari, kila mmoja kikombe kilichojaa.

Na karatasi ya bei, ndugu zangu, ilikuwa moja kwa wilaya nzima. Duka la pale stendi Same na duka la Mamba yaliruhusiwa bei ileile, kana kwamba mlima umelazwa chini.

Hata hivyo hesabu haikunikaa sawa. Kabla wapagazi hawajagusa gunia nilikuwa nimetoa mizani yangu ya kuning'iniza nikaitundika kwenye tawi. Kilo sabini na tano. Nikapima tena. Sabini na tano. Gunia lilikuwa halijafunguliwa, uzi wa ghala ulikuwa palepale. Nikakaa juu ya jiwe kwa sababu nilikumbuka saa saba mchana na kilo mbili kwenye karatasi.

Niliporudi Same niliomba kuingia ghalani kwa kisingizio cha ukaguzi wa kawaida. Safari hii nilichota maji. Kwenye ishirini mshale ulisema kweli, kwenye arobaini ulipotea kidogo, na nilipotua debe la nne ulisoma themanini na tano. Kuna chuma cha ndani kilikuwa kimelika. Sukari ikifika sabini na tano, mizani inasema themanini. Na pembeni, kwenye risasi, muhuri wangu uling'aa kama mpya. Mtunza ghala alinitazama nikimwaga maji.

"Rekebisha tu, upige muhuri mwingine," alisema kwa upole. "Mambo yataisha hapahapa."

Siwezi kusema kwamba alikuwa mwizi. Huenda hakujua kabisa. Huenda kila siku ya mgao ghala lilibaki na sukari na alijua sana. Sikuwahi kupata uhakika, na ndiyo maana sijawahi kumtaja.

Siku zilizobaki kabla ya kesi sikulala vizuri wala kula vizuri. Mke wangu alidhani nina malaria. Nilimweleza Mzee Mrutu kila kitu, pamoja na uji wa mtoto. Akafungua daftari akanionyesha saini yake chini ya yangu. Kila mizani niliyoipiga muhuri mwaka ule wa kwanza ilikuwa chini ya dhamana yake.

"Nimebakiza miezi minane nistaafu," alisema.

"Najua, mzee."

"Mahakamani utaulizwa jambo moja tu. Kama kopo lilipungua. Ukijibu hilo umemaliza kazi yako kisheria."

"Ndiyo, mzee."

"Sikwambii ufanye nini. Nakwambia tu utakachoulizwa."

Nilielewa kwamba anaogopa, na nilikuwa sijawahi kumwona akiogopa. Hilo lilinitisha kuliko mahakama.

Siku ya kesi Mama Nanzia aliletwa amevaa kanga moja juu ya nyingine, amekonda. Hakunitazama. Mwendesha mashtaka aliniita, akaniwekea kopo mbele.

"Hili umelipima?"

"Nimelipima."

"Lilipungua?"

"Lilipungua."

"Asante, shahidi. Unaweza kushuka."

Sikushuka. Hakimu, mtu mnene mwenye miwani, aliinua uso.

"Shahidi, umeambiwa ushuke."

"Mheshimiwa, kuna mizani nyingine."

"Ipi?"

"Ya ghalani. Sukari ya mshtakiwa ilipungua kabla ya kumfikia. Akiandikiwa kilo themanini, anapokea sabini na tano. Zaidi ya nusu ya alichokuwa anapunguza kwenye kopo kilikuwa kimeshapungua huko."

"Umejuaje?"

"Nimeipima kwa maji, mheshimiwa."

Watu walicheka. Hakimu hakucheka. Aliandika, akaweka kalamu chini.

"Mizani hiyo haina muhuri wa ukaguzi?"

"Inao."

"Wa nani?"

"Wangu."

Kicheko kilikatika. Nilieleza jinsi nilivyokagua kwa mawe ya kilo ishirini na tano, na nilipofika kwenye zile kilo mbili za sukari nilizitaja pia. Hakimu aliahirisha, akaamuru mizani ijaribiwe mbele yake. Kesho yake watu wazima wanane, pamoja na hakimu mwenye miwani, walisimama ghalani wakitazama madebe ya maji yakipangwa. Mzee Mrutu ndiye aliyeyapanga. Alikuja bila kuitwa, akavua koti, akakunja mikono ya shati, akafanya kazi ile polepole kama alivyonifundisha stesheni. Mshale ulisoma themanini na tano.

Shtaka la ulanguzi liliondolewa. La kopo lilibaki, kwa sababu ubao ulikuwepo na haukujiweka wenyewe. Alitozwa faini ndogo, akaachiwa. Nilimsubiri nje nikiwa nimeandaa maneno.

"Mama, nisamehe."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya dukani. "Nimekaa ndani wiki tano, bwana mizani. Mwanangu mdogo ameacha kunyonya." Akaenda kutafuta gari la kumpandisha.

Mimi nilipewa barua ya onyo na uhamisho wa kwenda Bendera, kule kwenye mashamba ya mkonge. Mzee Mrutu alistaafu kwa wakati wake, lakini mafao yake yalikwama mahali kwa muda mrefu, na kila nilipokwenda kumjulia hali alinipokea kwa adabu, tukanywa chai, tukazungumzia mvua. Hakuwahi kunilaumu. Ningependelea anilaumu.

Bendera ilinimalizia somo. Wafanyakazi wa mkonge waliotoka Kigoma, Songea na kwingineko walilipwa mwisho wa mwezi, na soko dogo lilikaa palepale karibu. Kwa kuwa sikuwa na kazi nyingi, nilikuwa nakaa pale nikitazama. Siku ya mshahara asubuhi fungu la nyanya lilikuwa na bei moja. Mchana, noti zilipoanza kutoka, fungu lilelile lilikuwa na bei nyingine. Hakuna aliyeficha nyanya. Hakuna waliokutana kupanga njama. Wauzaji walikuwa akina mama watano, nyanya zilikuwa zilezile, na mbele yao walisimama watu mia wenye hela na hamu. Wiki mbili baadaye bei ilishuka yenyewe. Mvua ikikata daraja ilipanda, ingawa hakuna aliyekuwa na senti.

Nilirudia moyoni hotuba zangu za mikutano, nikaona aibu. Mara ni noti zimezidi vitu, mara ni njia, mara ni mizani iliyolika, na mara nyingine, kweli, ni mtu mwenye tamaa. Sisi dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa moja, pingu, na tuliitumia kwa homa zote.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Karatasi ya bei iliacha kuja. Haikufutwa kwa sherehe; mwezi mmoja haikufika, na wa pili, tukaelewa. Maduka yalijaa sabuni za rangi ambazo hatukuwahi kuziona. Nilirudishwa Same, na kazi ya kwanza niliyopangiwa ilikuwa Mamba. Nilikwenda kwa wasiwasi.

Duka la Mama Nanzia lilikuwa limepakwa chokaa. Sukari ilijaa magunia mawili. Nilikagua kopo, likawa safi hadi chini. Bei aliiandika kwa chaki mlangoni, na nilipoisoma nilidhani nimekosea sifuri.

Wakati nimesimama pale aliingia mzee mmoja, akasoma chaki, akahesabu alichokuwa nacho kiganjani, akaomba robo ya kopo. Mama Nanzia alimpimia robo iliyojaa, akaongeza kidogo kwa vidole. Yule mzee aliponiona na sanduku langu aliniuliza bei halali ni ipi siku hizi.

"Hakuna, baba," nilimjibu. "Siku hizi kila mwenye duka anajipangia."

"Na wewe unapima nini?"

"Napima kama robo ni robo."

Aliitazama sukari yake. "Ni robo," alisema, akaondoka.

Mama Nanzia alifunga mdomo wa gunia. "Zamani nilikuwa nawaibia na wanakunywa chai," alisema. "Sasa siwaibii." Hakumalizia. Aliniuliza kama mwanangu anasoma, nikasema anasoma.

Ninyi mliobaki kazini mtaambiwa tena siku moja kwamba bei zimepanda na mnapaswa kutafuta mkosaji kabla ya Ijumaa. Mtafuteni, huenda yupo. Ila chukueni maji ya kutosha. Zaidi ya hapo sina ushauri, maana hata baada ya kujifunza haya yote nilikutana na jambo ambalo mpaka leo hesabu yake hainikai sawa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria, Mamba hukohuko, wakati wanunuzi walipoanza kupandisha malori kufuata tangawizi. Walinunua kwa gunia, si kwa kilo, na gunia walitaka lumbesa, limejazwa hadi mdomoni kisha likashonewa kilemba cha wavu juu, kinene kama gunia la pili. Sheria ilinipa haki ya kusimamisha mauzo. Nilifika shambani kwa Eliakimu, mkulima wa rika langu, magunia yake kumi na mawili yamepangwa kando ya barabara na lori linanguruma. Nilianza kufungua sanduku. Akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Nakuomba usipime."

"Anakuibia, bwana."

"Naona hivyo. Lakini lori ni hili moja. Ukipima ataondoka, na mawingu hayo unayaona. Barabara ikikatika, tangawizi hii nitaila mwenyewe?"

Nilimtazama mnunuzi, naye alinitazama, mkono uko kwenye mlango wa lori. Nilifikiria duka lenye kufuli na maharage yasiyo na chumvi. Nikafunga sanduku. Walipakia magunia kumi na moja. La kumi na mbili lilikosa nafasi, wakaliacha, wakashuka mlima.

Lori lilipopotea kwenye kona Eliakimu alisema, "Sasa pima hilo. Nijue tu."

Tulilitundika kwenye mti. Lilipaswa kuwa kilo mia. Mshale ulisimama kwenye mia na thelathini na nne.

"Ni kila gunia?" aliuliza.

"Kila lililoshonwa hivi."

Alisimama akiutazama mshale. Mkewe alikuwa anapanda kutoka mtoni na kapu la tangawizi iliyooshwa kichwani, udongo umekauka miguuni hadi magotini.

"Mimi umeshaniambia, basi," Eliakimu alisema kwa sauti ya chini. "Mama Joyce usimwambie. Yeye ndiye anayechimba."

Mama Joyce alitua kapu, akaniamkia, akaona gunia linaning'inia.

"Kuna tatizo, bwana mizani?"

Nikamwambia hakuna.